Ratili Mia na Sabini na Nne za Verna Tolhurst

Mji wa Tarradine ulikuwa haujui kwamba una urithi. Ulijua una nzi, una maji ya kisima yanayotoka ardhini yakiwa ya moto na kunuka yai viza, una hoteli moja yenye baa mbili. Basi. Kisha akaja Graeme Pascoe, meneja mstaafu wa benki kutoka pwani, akakaa miaka minane, akawaambia watu waliozaliwa pale kwamba wamekalia dhahabu.

Dhahabu yenyewe ilikuwa vibao. Halmashauri ikasimika nguzo tisa zenye namba, mgeni aanze namba moja amalizie namba tisa akiwa hai, kama jua litaridhia. Namba moja ilikuwa jela kongwe, ambayo historia yake yote ni walevi watatu na mbuzi mmoja aliyekula karatasi za kura. Namba mbili ilikuwa mti ambao mtu fulani mkubwa aliwahi kuufungia farasi wake. Mti ulikufa zamani. Wakaujengea uzio, usije ukatoroka. Na namba saba, fahari ya mji, ilikuwa makumbusho ya ndege, ndani ya banda la bati pembeni mwa kiwanja.

Verna Tolhurst, miaka themanini na sita, alikuwa hajaona sababu ya kulipa dola kumi na nane aoneshwe mambo yaliyotendeka yeye akiwepo. "Nikitaka kuona kitu cha kale," alisema, "nina kioo nyumbani."

Lakini halmashauri ikatangaza siku ya wenyeji, bure, na cha bure Tarradine hakikataliwi hata kiwe sindano. Verna akavaa kofia, akachukua bakora, akatoka. Watalii nao, wale wazee wa kukokota vijumba vyao nyuma ya magari kama konokono, walikuwa wamejipenyeza, wakidai kwamba aliyelala usiku mmoja keshakuwa mwenyeji. Kwenye jela Verna alimsahihisha mwelezaji mara mbili. Kwenye mti alisema farasi hakufungwa pale, alifungwa kwenye ule mwingine ulioondolewa kupisha choo. Akaendelea namba hadi namba, akisahihisha, mpaka akafika bandani.

Ndani, ndege ya fedha ya injini mbili, ile iliyokuwa ikija Jumanne na Ijumaa kuleta barua, mkate na wachumba, ilikuwa imesuguliwa ikawa safi kuliko siku yoyote ilipokuwa ikiruka. Pembeni yake paliwekwa mizani ya marobota ya sufu, ileile iliyopimiwa abiria zama hizo. Na nyuma ya mizani alisimama mwanamke wa mbao, amekatwa kutoka kwenye picha iliyokuzwa, amevaa koti refu zito, mviringo kama tangi la maji, uso umemvimba kwa joto.

Uso ulikuwa wa Verna.

Chini yake kibao kilisema, kwa jina lake la kabla ya ndoa: VERNA SKERRITT, RATILI 174. MWANAMKE MZITO KULIKO WOTE WALIOSAFIRI KWA NDEGE KUTOKA TARRADINE. JE, UNAMZIDI? PANDA MIZANI. UKIMZIDI, SKONZI BURE.

Foleni ilikuwa ndefu. Ratili mia na sabini na nne ni kilo sabini na tisa, na siku hizi kilo sabini na tisa ni mtu aliyekosa kifungua kinywa. Mama mmoja wa vijumba, kaptura imembana, alipanda, mshale ukaruka hadi ratili mia mbili na tatu, akashuka amefurahi kama aliyezawadiwa.

"Nimemshinda yule bibi," akamwambia mumewe.

"Bibi yupo hapa," Verna akasema nyuma yake, "na skonzi ile imekauka."

Graeme akaja mbio, mikono imetanuliwa. "Bi. Verna. Nilitaka nikushitue kwa furaha."

"Mshituko nimeupata. Furaha ndiyo iko njiani?"

"Umekuwa kivutio. Jumamosi ya uzinduzi anakuja mtu wa gazeti, nilitaka usimame hapo pembeni, upigwe picha na nafsi yako."

"Kijana," Verna akamwambia mtu wa miaka sitini na minane, "mimi nilikuwa na kiuno cha kuzungushwa viganja viwili vikakutana. Muulize yeyote."

"Kitabu hakisemi hivyo." Akamwonesha kwenye sanduku la kioo: daftari la wakala wa kiwanja, kurasa za manjano, tarehe kumi Februari mwaka hamsini na tisa, jina lake, namba yake. "Kitabu hakina sababu ya kudanganya."

Hapo ndipo meneja wa benki alipojianika. Kitabu kile kilikuwa kimedanganywa toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na kila mtu aliyezaliwa Tarradine anajua. Mzigo wa abiria mwisho wake ulikuwa ratili thelathini, ukizidisha unalipa. Lakini mwili haukulipiwa. Mwili ulikuwa kazi ya Mungu. Kwa hiyo watu walisafiri wamevaa kabati zima: magauni matatu, koti juu, viatu vya pili shingoni, jua la nyuzi arobaini na nne likiwaka. Mchungaji mmoja alipanda na Biblia nne kwenye suruali. Wakala alijua, rubani alijua, mizani pekee ndiyo iliyokuwa haijui.

Verna akamweleza. Graeme akasikiliza kwa upole, kama alivyokuwa akiwasikiliza watu kabla ya kuwanyima mikopo.

"Sawa, Bi. Verna. Magauni matatu na koti, tuseme ratili kumi na tano. Ishirini. Bado tuna mia na hamsini na nne. Nyingine zilitoka wapi?"

Verna akafungua mdomo. Kisha akaufunga, jambo ambalo watu walioliona walilizungumza mtaani kwa siku mbili.

Maana nyingine alijua zilitoka wapi. Zilitoka kwenye cherehani cha mama yake.

Mama yao alikufa Novemba ya mwaka uliotangulia. Alikuwa na mabinti wawili na kitu kimoja cha thamani: cherehani cha mkono, cheusi, chuma kitupu. Siku tatu kabla ya kufa alisema mbele ya mchungaji kwamba cherehani ni cha Nola, binti mkubwa. Pamoja na pasi mbili za chuma na jora la kitambaa cha buluu. Nola alikuwa na mkono mzuri wa kushona, alikwisha pata ahadi ya kazi ya mapazia ya hoteli. Verna yeye aliachiwa sahani za maua, labda kwa kuwa alikuwa mvunjaji wa sahani na mama alipenda mzaha.

Februari Verna akapata nafasi kwa mshonaji mmoja huko pwani, kwa sharti la kwenda na cherehani chake. Alfajiri ya safari, Nola akiwa anakamua mbuzi, Verna alikifunga cherehani kwenye gunia la unga, akalining'iniza shingoni kwa mkanda, pasi moja huku, pasi moja kule, jora akalizungusha kiunoni, kile cha viganja viwili. Juu ya yote akavaa koti la baba. Alitembea hadi kiwanjani kama kondoo mwenye mapacha tumboni. Mpiga picha wa kupita akampiga picha, kwa kuwa shetani hakosi kwenye hafla.

Nola alikitafuta cherehani wiki mbili. Mwishowe mji ukaamua kwamba ni vibarua wa kunyoa kondoo, walioondoka juma lilelile, na vibarua wa kunyoa kondoo hawana wa kuwatetea. Kazi ya mapazia ikaenda kwa mwingine. Nola akaingia hoteli hiyohiyo kutandika vitanda kwa muda tu, mpaka mambo yakae sawa. Mambo yalikaa sawa baada ya miaka arobaini na mmoja, alipostaafu na magoti yasiyokunjika.

Verna alirudi baada ya miaka mitatu na mume, Les Tolhurst, fundi nyaya za uzio, aliyekuwa anaongea kila ilipobidi, yaani kila baada ya mvua. Alirudi pia na cherehani ambacho maua yake ya dhahabu yalikuwa yamekwanguliwa, akasema kakinunua mnadani. Kwa cherehani kile akawa sindano ya Tarradine. Hakuna bibi harusi aliyeolewa, wala maiti aliyezikwa kwa heshima, bila kupita mikononi mwake. Akajenga nyumba mkabala na ya dada yake, ng'ambo ya barabara, na kila Jumapili akampelekea bakuli la nyama ya chumvi. Nola alisema nyama ina chumvi mno. Verna alisema nyama ya chumvi inatakiwa iwe na nini, sukari? Ndivyo walivyopendana.

Sasa Nola, miaka themanini na minane, alikuwa akijitolea kumimina chai pale makumbusho, akiegemea meza, maana kukaa na kuinuka kulimshinda. Na Nola alikuwa na kichwa kama panga jipya.

Jumatano akavuka barabara, akasimama kizingitini mwa Verna. "Nimeiona ile tangi yako kule bandani," akasema. "Nimekuwa nikimimina chai mbele yake siku nne."

"Hongera."

"Kuna kitu kinanisumbua. Mimi na wewe tulilala kitanda kimoja miaka kumi na minane. Viwiko vyako vilikuwa vinanichoma kama misumari. Wewe ulikuwa ufagio, Verna. Ratili mia na sabini na nne umezitoa wapi?"

Huu ndio mtego ambao mtu hujitengea mwenyewe halafu akaupaka mafuta. Akisema hakuwa mnene, Nola atauliza ni nini basi kilichokuwa ndani ya koti. Na Nola akiuliza swali haachi mpaka limevuja damu. Mwanamke ambaye kwa miaka sitini na mitano hakumkubalia mtu kosa hata la kumimina maziwa kabla ya chai akasema, "Nilinenepa."

"Lini?"

"Mwaka ule. Baada ya mama. Nilikula sana, ilikuwa huzuni."

"Ulikula nini? Ilikuwa ukame. Tulikuwa tunakula sungura na lawama."

"Nilikula sungura wengi."

Nola akageuza bakora yake. "Haya," akasema. "Kama wasema." Akavuka barabara kurudi kwake, polepole, na Verna akajua haya ile haikuwa haya ya kukubali.

Jumamosi ikafika. Bandani walijaa: mstahiki meya na mkufu wake, wenye vijumba, mtu wa gazeti na kamera. Verna alikwisha amua, na Graeme alikwisha mwambia kwamba kitabu hakikukosea. Atasimama pembeni ya tangi, atabasamu, atakuwa mnene rasmi mpaka kufa, na ukutani atabaki hivyo baada ya kufa. Ni bei, alijiambia. Watu wamelipa zaidi kwa kidogo. Alikuwa ameshona gauni jipya kwa ajili ya aibu hiyo, maana hata aibu haivaliwi matambara.

Graeme akahutubia. Akasema kuhusu mashujaa wa anga, kuhusu uvumbuzi, akafika kwenye mizani. "Na leo tunaye mwenyewe, Bi. Verna, ambaye amethibitisha kwa hiari yake kwamba kitabu chetu ni cha kweli." Watu wakacheka, si kicheko kibaya, kile tu cha kumcheka mtu mwembamba aliyewahi kuwa mnene.

Nola akaweka birika chini.

"Si kweli," akasema.

Meya akageuka. Graeme akasema, "Bi. Nola, tutafika kwenye chai."

"Chai itangoja. Nasema kitabu hicho ni cha uongo. Mdogo wangu hakuwa mnene hata siku moja. Alikuwa anapita katikati ya nyaya za uzio bila kuzigusa. Anasema alikuwa mnene kwa sababu amechoka kubishana nanyi, na Verna akichoka kubishana ujue mmemwonea. Wakala alikosea au alikuwa mlevi, mara nyingi alikuwa vyote. Niletee Biblia, bwana, niape. Au niape kwa kaburi la mama, liko hapo nyuma ya jela, namba moja yenu."

Akainua mkono wa kulia, mkono wa vitanda, vidole vimepinda kama kucha za kuku.

Verna alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi. Alijiandaa kuchekwa, alijiandaa kupigwa picha ubavu mbaya. Hakujiandaa kutetewa. Angeweza kumwacha. Ilikuwa njia nzuri kabisa: Nola anaapa, tangi linaondolewa, kiuno kinarudi, na cherehani kinabaki kimya chini ya kifuniko chake. Alihitaji kunyamaza tu, na kwa habari hii alikuwa na mazoezi ya miaka sitini na mitano.

"Shusha mkono, Nola," akasema.

"Nimeuinua kwa shida, siushushi bure."

"Ushushe. Kitabu hakikukosea. Zile ratili zilikuwepo. Lakini hazikuwa mwili."

"Zilikuwa nini?"

"Cherehani cha mama."

Bati la paa likalia kwa joto. Yule mama wa kaptura alikuwa na skonzi ya pili mdomoni, akaacha kutafuna.

Nola hakupaza sauti. "Na pasi?"

"Na pasi."

"Zote mbili?"

"Moja isingekaa sawa. Ningepinda."

"Na jora la buluu."

"Nalo."

"Kwa hiyo kile ulichonishonea gauni la Krismasi mwaka sitini na nne, ukanitoza nusu bei kwa kuwa mimi ni dada yako."

"Ndicho."

Nola akachukua birika. Kikombe cha meya kilikuwa nusu. Akakijaza hadi ukingoni bila kumwaga tone, akavua aproni, akaikunja mara mbili, akatoka na bakora yake kwenye jua. Hakuna aliyemfuata. Verna alitaka, ila miguu ilikumbuka kwamba haikuitwa.

Lazima isemwe kwamba Graeme alifurahi kupita kiasi. Kabla ya saa sita alikwisha andika kibao kipya: mwanamke mwembamba aliyebeba cherehani cha wizi chini ya koti. Ni historia bora zaidi, akasema, ina mwendo. Skonzi ikabadilishiwa masharti: sasa mtalii alivalishwa koti na gunia la mchanga, atembee kutoka mlangoni hadi mizani bila kuyumba. Hivyo Verna akapandishwa cheo, kutoka mnene hadi mwizi, mbele ya umma, na ukweli ni kwamba kile cha pili kilimuuma kidogo kuliko cha kwanza. Kiuno chake kilikuwa kimesafishwa. Mtu huchagua dhambi za kujivunia.

Jumapili alipeleka bakuli la nyama. Lilirudi limefunikwa vilevile, limewekwa juu ya nguzo ya lango, nzi wakifanya mkutano.

Jumatatu Graeme alibisha kwa Verna na jamaa wawili wa halmashauri na kitoroli. Alitaka cherehani kwa ajili ya sanduku la kioo. Kabla Verna hajajibu, Nola alikwisha vuka barabara.

"Hakiendi makumbusho," akamwambia Graeme, bila kumtazama Verna. "Ni changu, mchungaji alisikia."

"Mchungaji alikufa, Bi. Nola."

"Basi mbishie huko aliko. Kitoroli ni kizuri, kitumie. Nyumba yangu ni ile."

Wakakisukuma kuvuka barabara ile pana, chini ya jua, mji mzima ukiwa umepata ghafla sababu ya kumwagilia maua. Verna alisimama dirishani. Mezani pake palibaki doa refu la mbao isiyofifia, umbo la kitu kile.

Kesho yake asubuhi akakisikia. Dada yake alikuwa amefungua dirisha makusudi. Kililia kidogo, kikasimama, kikalia tena. Uzi umekazwa mno, Verna akajua kutoka ng'ambo. Kisha sauti ile ya kutafuna: kinakula kitambaa. Kina mahali upande wa kushoto ambapo lazima ukishike kwa kidole huku ukizungusha, na mahali hapo hapakujulikana na mtu mwingine duniani. Verna akakalia viganja vyake. Jumatano akavikalia pia. Alikuwa hajaitwa, na yeye si mtu wa kwenda asikoitwa, ingawa, kama tujuavyo, alikuwa mtu wa kuchukua asichopewa.

Alhamisi mchana Nola akaja hadi langoni. Hakuingia.

"Kinakula kitambaa."

"Kinakula tangu mwaka sitini na mbili."

"Na ulikuwa unakifanyaje?"

"Unakishika hapa kushoto, chini ya..."

"Sikuja kuoneshwa hewani. Unakuja au huji?"

Verna akaja. Chumba cha Nola kilikuwa na meza, dirisha na kiti kimoja mbele ya cherehani. Pazia la maua lilikuwa limenasa chini ya sindano, limekunjamana kama uso wa mtoto anayeogeshwa. Nola akakaa kwenye kiti kile, taratibu, kipande kwa kipande, akanyoosha miguu isiyokunjika pembeni.

"Wapi?" akauliza.

Verna akainama nyuma yake, akaweka kidole mahali pake. Nola akazungusha mkono. Mshono ukatoka mnyoofu, kiasi cha shubiri moja.

"Usiondoe," Nola akasema.

Hakuondoa. Kiti kingine kilikuwepo chumba cha pili, wote wawili walijua, na Nola hakukitaja. Kiuno kikaanza kumchoma Verna, kisha magoti, kisha nyayo. Saa nane ikapita, tisa ikaingia. Pazia lilikuwa refu, na nyuma yake kulikuwa na jingine limekunjwa tayari. Verna, ambaye maishani mwake hakuwahi kukosa la kusema juu ya mshono wa mtu, aliona kwamba ule wa dada yake unapinda kidogo kulia, akanyamaza, akaendelea kusimama.